Pakacha Halina Jaa

Mwanangu,

Alhamisi ulinijia baada ya alasiri, ukanikuta barazani nimenyoosha goti langu hili bovu, ukatua gunia mbele yangu. Ukaniambia, "Mwalimu wangu, nisaidie. Siku ya wazazi ni wiki ijayo, na watoto wa gredi ya nne wanatakiwa waonyeshe sanaa ya vitu vilivyotupwa." Nikatia mkono guniani nikatoa chupa ya soda. Nikatoa ya pili. Ya tatu kibandiko chake kilikuwa kipya, hakina hata mkunjo, na ndani imebaki soda ya machungwa kiasi cha vijiko viwili. Nikakuuliza mmeziokota wapi. Ukacheka kwa haya, ukasema wazazi walipelekewa ujumbe kwenye simu usiku, kila mtoto aje na chupa, na waliokosa walikwenda dukani kununua.

Sikukujibu siku ile. Nilikwambia uniachie gunia, urudi Jumapili. Nilikuwa nimechoka, na mtu mzima aliyechoka akijibu upesi hujibu kwa ukali, kisha hukesha akijuta. Sasa gunia lako limelala mlangoni pangu siku tatu, sisimizi wameshalivumbua, na mimi nimepata la kusema. Kaa kitako. Kahawa ipo. Maneno yangu ni marefu, lakini sina haraka nawe, na wewe usiwe na haraka nami.

Chupa zile, mwanangu, hazikuwa taka. Jumanne zilikuwa soda dukani. Jumatano zikafanywa taka kwa amri ya mwalimu, ili Alhamisi watoto wafundishwe kupunguza taka. Kuna mtoto mmoja humo, sina shaka, ambaye mama yake aliacha kununua nazi siku ile ili anunue soda, na soda yenyewe wakaimwaga au wakainywa kwa pupa chupa iwahi kukauka. Mtoto huyo amejifunza jambo, tena amelishika sawasawa: kwamba mazingira ni kitu cha kuonyesha wageni.

Sikulaumu peke yako. Ugonjwa huu ni mzee kuliko wewe. Mimi nilishika chaki kabla ya 1985. Mwaka huo ukaja mfumo wa 8-4-4 na masomo yake ya mikono: sanaa, ususi, ufinyanzi, sayansi kimu. Tulifurahi. Tulisema sasa mtoto atatoka shule na kazi kiganjani. Haikupita muda wazazi wakawa wanalipa wasusi wawasukie watoto wao, na mafundi wa sokoni wakajua tarehe za mitihani kuliko sisi walimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakatolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na kisichotahiniwa kwetu hufa njaa. Kisha ukaja huu mtaala wenu wa umilisi, ukajaribiwa 2017, ukaingia madarasa ya chini nchi nzima 2019, nao unasema vizuri kabisa: tumieni vitu vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto. Maneno mazuri. Na sasa kuna mafundi wa vigari vya waya wanaouza kazi ya nyumbani iliyokwisha tayari, mzazi ainunue jioni, mtoto aibebe asubuhi. Nimeiona ngoma hii mara mbili, mwanangu. Waliobadilika ni wapigaji tu.

Lakini mzee anayewacheka wengine bila kujitaja, mawaidha yake ni masengenyo. Basi nikupe aibu zangu mbili. Nilizinunua ghali, wewe zichukue bure.

Ya kwanza. Katika miaka ile ya mwanzo niliwaambia watoto kila mmoja alete alichosuka. Msichana mmoja akaleta kawa la kufunikia chakula, ukili wake umenyooka, rangi tatu, ukingo umeshonwa kwa mkono usiotetemeka. Nikampa ishirini juu ya ishirini. Mvulana aliyekaa nyuma yake akaleta kipande cha ukili kisichofika hata shibiri tatu, kimepinda, kimelegea, na katikati pana fundo baya pale mwaa ulipomkatikia akauunga. Nikampa saba. Siku hiyohiyo jioni nikakutana na bibi yake yule msichana njiani, akaniuliza bila hata kutahayari, "Mwalimu, kawa langu limepata ngapi?"

Nilirudi nyumbani nikakitoa kile kipande cha ukili nikakitazama kwa taa. Lile fundo ndilo lililokuwa somo. Pale ndipo mtoto aliposimama, akafikiri, akajaribu, akaendelea. Katika darasa zima la watoto arobaini, mkono wa mtoto ulikuwa umepita mahali pamoja tu, na mahali hapo ndipo nilipompa saba. Alama zilikuwa zimeshaingia kwenye daftari la mwalimu mkuu. Sikuzibadilisha. Nilikuwa kijana, na kijana huogopa daftari.

Ya pili ni mbaya zaidi. Mwaka mwingine nilichoshwa na karatasi, nikasema leo tutumie vitu vya maumbile. Nikawatuma watoto pwani maji yakitoka, waniletee makome na simbi, walio wazuri kabisa, tutengeneze picha ya jahazi ukutani. Wakaleta ndoo mbili. Simbi walikuwa wanang'aa kama waliopakwa mafuta. Tukawapachika kwa saruji nyembamba, ikatoka picha ambayo mkaguzi aliisifu. Siku ya tatu darasa likaanza kunuka. Siku ya tano hatukuweza kuingia.

Walikuwa hai, mwanangu. Simbi hung'aa hivyo kwa sababu mnyama aliye ndani hulifunika ganda lake kwa nyama yake, akalilinda na kulilainisha maisha yake yote. Ganda lililokaa ufukweni bila mwenyewe huchujuka na kuparuza. Mimi niliwaambia watoto "leteni wazuri", na wazuri ndio waliokuwa wazima. Tulipachika maiti ukutani tukaita sanaa. Na hata yale makome matupu, nilikuja kuelewa baadaye, si ya mtu kuzoa kwa ndoo: kuna kaa ambao sehemu yao ya nyuma ni laini, haina gamba, nao huishi kwa kuhamia kome tupu, na wakikua huhama tena kutafuta kubwa zaidi. Tulichokidhani ni kitu kilichotupwa, kilikuwa ni nyumba inayongoja mpangaji.

Kwa hiyo usidhani kwamba ukiacha plastiki ukashika majani na makome, umeshaokoka. Mtu anaweza kuharibu pwani kwa kikapu cha ukindu kama anavyoiharibu kwa mfuko wa nailoni. Kosa langu na kosa lako ni moja. Sote wawili tulikiangalia kitu kwa urembo wake tukasahau kukiuliza habari zake.

Sisi mtu akipita mlangoni, hata awe mtoto, tunamuuliza mambo mawili: watoka wapi, wenda wapi? Ni adabu. Ukimwacha mtu apite bila kumuuliza, umemfanya kama kivuli. Basi ninalokuusia leo, na mengine yote ni matawi ya hili, ni kwamba umfundishe mtoto kuviuliza vitu maswali hayohayo kabla hajavitia mkasi. Chupa, watoka wapi? Natoka kwenye mafuta yaliyochimbwa ardhini, nikapikwa kiwandani, nikajazwa soda, nikaja kwa lori hadi Mokowe, bara, nikavuka kwa mashua, nikawekwa kwenye friji ya duka. Wenda wapi? Hapo chupa hunyamaza. Haina kwao pa kurudi. Itakwenda jaani, na jaani itapeperushwa, na hapa kwetu Lamu mnajua wenyewe, punda hula wanachokikuta. Punda wangapi tumewaona matumbo yamejaa, wakalala wasiamke? Iliyobaki huenda baharini, ikapigwa na jua na mawimbi ikameguka vipande vidogo, na vidogo vyake vikameguka tena, lakini haiozi.

Sasa liulize pakacha. Nilimsukia babangu mapakacha mengi utotoni hata vidole vinajua njia bila macho. Unakata kipande cha kuti bichi, unaupasua uti wake kwa urefu, unauzungusha uwe mdomo wa chombo, kisha unasuka majani yanayoning'inia, moja juu moja chini, yakikazana ubavu kwa ubavu, mpaka unafika kitakoni unayafunga pamoja kama msuko wa nywele. Mkono uliozoea haufiki nusu saa. Linabeba maembe, linabeba samaki, maji ya samaki yanachuruzika yenyewe. Likishachoka unalitupa chini ya mnazi uleule, na baada ya masika mawili huwezi kulitafuta ukaliona. Limekuwa mnazi tena. Pakacha halina jaa. Wazee wetu hawakuwa na neno la kurejeleza taka kwa sababu chombo chao kilijua njia ya kurudi.

Sikwambii haya ili nikuimbie zama zilizopita. Zama hizo nililala njaa, sizitamani zote. Na serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, sikuona watu wakirudi kwenye mapakacha. Waliohamia kwenye mifuko mingine ya kununua ni wengi zaidi. Sheria inaweza kuuondoa mfuko mkononi. Mkono kujua kusuka ni kazi ya mwalimu.

Utaniambia, "Mwalimu, lakini plastiki imeshafika, haitaondoka kwa mapakacha." Kweli. Ndiyo maana nataka nikukumbushe watoto wa Kiwayu.

Kiwayu ni visiwani humuhumu kwetu, kaskazini, katika eneo la hifadhi ya bahari ya Kiunga. Upepo na mkondo huleta ndara kutoka mbali, zimekatika kamba, rangi zote, zikajipanga ufukweni pale ambapo kasa hupanda kutaga. Mwaka 1997 mtaalamu wa viumbe vya baharini, Julie Church, alikuwa akifanya kazi huko, akawaona watoto wa kijijini wakizikata zile ndara na kutengeneza vitu vya kuchezea. Hakuna aliyekuwa amewapa kazi ya nyumbani. Mtoto alitaka cha kuchezea, na ndara inakatika, basi akaikata. Mama zao wakahimizwa kuziokota, kuziosha na kuzichonga, na kutoka hapo ikaja kukua kazi inayojulikana leo kama Ocean Sole, inayochonga twiga, tembo na kasa wa rangi kwa ndara zilizookotwa, na kuwauza hata ng'ambo.

Angalia mpangilio wake. Walioanza ni watoto. Wakubwa walifuata. Na ilianza kwa mchezo, kwa mtoto aliyezijua tabia za kile alichokishika: kwamba kinaelea, kinakatika kwa kisu, hakinyonyi maji. Ndara zilikuwa zimekwisha kuwa taka kabla mkono haujazigusa. Hakuna aliyenunua ndara mpya ili aikate kamba.

Na la pili umeliona kwa macho yako, ulikuwa ungali shule ya upili. Septemba 2018 lilishushwa majini hapa Lamu lile dau la Flipflopi, la mita 9 hivi, lililojengwa kwa tani zipatazo 10 za plastiki na kuvalishwa ndara zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata likatweka tanga likaenda hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, likisimama bandari kwa bandari. Watu husimulia rangi zake. Mimi hupenda kusimulia mikono yake. Fundi mkuu, Ali Skanda, ni mtu wa ukoo wa ufundi. Alijua mkuku, alijua mataruma, alijua ubao hukubali kupinda wapi na hukataa wapi, kabla hajaletewa ubao wa plastiki. Lau asingalijua mti, plastiki isingalimtii. Na wenye dau hilo hawakusema, "Tumepata kazi nzuri ya plastiki, basi leteni zaidi." Walitembea nalo wakisema plastiki ya kutumiwa mara moja ikomeshwe. Taka iliyofanywa dau ikatumwa kwenda kuikanya taka.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya sanaa na pambo. Pambo huificha taka. Ukiipaka chupa rangi ya dhahabu na kuinyunyizia vile vipande vya kumetameta, ambavyo navyo ni plastiki iliyokatwakatwa, umechukua taka moja ukaifanya tatu, na hata yule ambaye angeweza kuirejesha kiwandani hawezi tena. Wiki moja baada ya siku ya wazazi huwa napita nyuma ya shule, mwanangu. Maua yenu ya chupa huwa yako pale jaani, yamelala kifudifudi, rangi inabanduka.

Nikuulize, unamjua Wangari Maathai? Watoto wote wanamchora na mche mkononi, kwamba alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani 1977 na akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani 2004. Hayo yako vitabuni. Lakini yeye mwenyewe alisimulia jambo dogo la utotoni, huko Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mkuyu, na si mbali na mkuyu huo palitoka kijito, na mtoni humo aliona vijishanga vimeshikamana, vyeusi na vyeupe na vya kahawia. Akadhani ni shanga kweli. Akatia mikono majini ili avitoe ajivishe shingoni, vikawa vinamponyoka na kukatika. Alijaribu tena na tena. Siku nyingine akirudi, shanga hazipo, mto umejaa viluwiluwi. Yalikuwa mayai ya vyura. Alipokua na kurudi kutoka masomoni, mkuyu ulikuwa umekatwa, na kijito kimekauka.

Mimi nikisikia kisa hicho huona mtaala mzima. Mtoto alivutwa kwanza na uzuri, alitaka kidani. Uzuri ukamfikisha majini, maji yakamfundisha subira, na subira ikamwonyesha kwamba alichokiona ni pambo kilikuwa ni uhai. Miaka mingi baadaye, alipouona mto umekauka, alijua ni nini kilichopotea, kwa sababu alikuwa amewahi kukigusa. Mtu hakililii asichokijua. Kwa hiyo sanaa na mazingira havikuunganishwa na wizara, mwanangu. Vimeunganishwa na jicho la mtoto. Kazi yetu ni kutolifumba jicho hilo kwa haraka zetu.

Sasa nikupe la kufanya, maana mawaidha yasiyo na kazi ni upepo.

Kwanza watoe watoto nje, mikono mitupu. Siku hiyo wasiokote kitu. Wapeleke mikokoni maji yakitoka, waone mbegu ya mkoko inavyoota ingali juu ya mti mamaye, ikirefuka chini kama mkuki wa kijani, mpaka siku ikidondoka ichomeke matopeni au ichukuliwe na maji ikaote kwingine. Kila mtoto achague moja aitazame mpaka achoke. Kisha aitazame tena baada ya kuchoka. Hapo ndipo macho hufunguka. Warudi darasani waichore kwa kichwa. Michoro itakuwa mibaya. Usiicheke wala usiisahihishe. Wiki ya pili warudi palepale, na utaona wenyewe wanagombana kuhusu ncha yake ilikuwaje. Mtoto anayegombana juu ya ncha ya mbegu, huyo ameshaingia shuleni.

Rangi usinunue. Manjano iko jikoni, hina iko uani, masizi yako chini ya sufuria, makaa na chokaa vipo. Ukitaka nyekundu ya udongo, liko ganda la mkandaa ambalo wasusi walitilia rangi. Lakini usimwache mtoto akaubandua mti uliosimama. Mpeleke kwa wenye boriti, aombe maganda yaliyokwisha kubanduliwa, na aombe kwa adabu. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano uliopoa. Karatasi ni madaftari ya mwaka jana: yaroweke siku mbili, yatwange, yakamue, utapata udongo wa karatasi unaofinyangika chombo na kinyago. Kinu cha kutwangia kiwe cha shule. Ukitwanga madaftari kwenye kinu cha mtu cha kisamvu, utanijia na kesi nyingine.

Alama ya kwanza mpe mtoto aliyeomba ganda kwa adabu, na ya pili aliyerudisha lililobaki. Kusuka na kuchora kwafuata.

Tena uwe mkali pale panapotaka ukali. Plastiki isichomwe mbele ya watoto, wala isiyeyushwe kwa mshumaa, hata kama kazi itapendeza; moshi wake ni sumu na mapafu yao ni madogo. Kopo likatwe na mkubwa, na ukingo ukunjwe ndani. Betri, sindano, chupa za dawa na chochote kisichojulikana kilichotupwa na bahari kisiguswe kabisa. Na jaani mtoto haendi kuokota. Vya kuokotwa ni vya nyumbani kwake na vya njia anayopita, ili ajue taka ina jina la mwenyewe, na mara nyingi jina hilo ni la kwao.

Kisha kila anachokitengeneza kiwe na kazi. Kigari kiendeshwe, tiara irushwe, kopo lipandwe mchicha, kititia cha kuti kizungushwe na kaskazi mpaka kichanike. Watu wazima ndio wanaopenda vitu vya kuwekwa kabatini. Mtoto hupenda kitu kinachotumika. Na kitu kinachotumika kikiharibika, mtoto hukitengeneza, na kutengeneza kilichoharibika ndiyo elimu ya mazingira iliyo kubwa kuliko zote. Miaka hii nawaona watoto wanatupa kandambili kwa sababu kamba imechomoka, nami nilivaa jozi moja iliyofungwa waya mpaka kisigino kikagusa mchanga.

Na wazazi usiwatumie ujumbe wa usiku. Waite mara moja, uwaambie kwa ulimi wako: msinunue kitu, na msimsaidie mtoto kitu. Ikiwa mna taka, aje nayo. Ikiwa hamna, mshukuruni Mungu, aje mikono mitupu, naye apewe sifa mbele ya wenzake, maana nyumba isiyo na taka ndiyo iliyotushinda sote. Watanung'unika kwamba kazi za watoto hazipendezi. Waambie habari za kawa la bibi. Unaruhusiwa kunitaja.

Bado gunia lako. Chupa arobaini na moja, nimezihesabu. Ziosheni, kila mtoto mwandikie jina lake kwenye ya kwake, na iwe yake mpaka mwisho wa mwaka: ya kumwagilia, ya kupimia, ya kunywea maji. Chupa iliyonunuliwa kwa upuuzi wetu ifanyishwe kazi mpaka ichoke. Ile ya arobaini na moja niachie kwanza.

Siku ya wazazi, baada ya hotuba, waambie watoto wachimbe mashimo mawili chini ya mwarobaini wa shule, umbali wa hatua moja. Katika shimo moja waweke pakacha. Nitalisuka mimi mwenyewe, na mtoto yeyote atakayekuja hapa barazani kabla ya siku hiyo nitamfundisha alisuke pamoja nami. Katika shimo la pili waweke ile chupa ya arobaini na moja. Wafukie, waweke jiwe. Mvua za masika zikipita, wafukue mbele ya wazazi walewale. Wafukie tena, wafukue mwaka wa pili. Usiseme neno. Somo hilo halitaki mwalimu.

Wazee walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mimi nimebeba haya kwa muda, na sasa umri umenitoboa kitako, yananivuja moja moja, na kusema kweli nasikia mzigo umepungua. Okota linalokufaa. Siku ya kufukua, nikiwa nipo, nitumieni mtoto aje anishike mkono, nije nione. Nikiwa sipo, msihuzunike sana. Mtakapoiona chupa bado imekaa na kibandiko chake, na upande wa pili mkute udongo mtupu, mweusi, mwororo, mtakuwa mmeshajua ni lipi kati ya hayo mawili lililo jamaa yangu.

Haya, maliza kahawa. Jua linatua, na gunia bado ni lako kulibeba.